Siri ya Mwenyeji: Je, Mgeni Aweza Kuitoa?

Amri ya nane ya Mungu yakataza uwongo. Kila mkatekumeni aijua. Lakini wengi hudhani kwamba mtu akisema kweli, basi amri hiyo ameitimiza yote. Sivyo. Liko neno la kweli linaloua kama mkuki. Kwa hiyo yafaa kuuliza swali hili: mtu aliyepokelewa na watu kama ndugu, akala chakula chao na kusikia mashauri yao, je, ana ruhusa kuyapeleka kwa wakubwa wa askari wakati wa vita?

Maandiko Matakatifu yatupa mifano miwili. Tuitazame kwanza.

Mfano wa kwanza wapatikana katika Kitabu cha kwanza cha Samweli. Daudi alipomkimbia mfalme Sauli, alifika Nobu kwa kuhani Ahimeleki, naye kuhani akampa mikate na upanga. Doegi Mwedomu alikuwapo, akaona. Baadaye akaenda kwa mfalme, akamweleza aliyoyaona. Mikate ilitolewa kweli, na upanga ulitolewa kweli. Lakini siku ile makuhani 85 wasio na kosa waliuawa, na mkono uliowaua ulikuwa wa Doegi mwenyewe.

Mfano wa pili umo katika Matendo ya Mitume. Watu zaidi ya 40 waliapa kutokula wala kunywa mpaka wamwue Paulo. Mtoto wa dada yake Paulo akasikia shauri hilo, akaenda kumwarifu mkubwa wa askari. Usiku uleule Paulo akaondolewa mjini chini ya ulinzi, akapona.

Wote wawili walipeleka habari kwa wenye silaha. Wote wawili walisema jambo lililotokea kweli. Hata hivyo mmoja ni msaliti, na mwingine ni mwokozi wa ndugu yake. Tofauti yao yatoka wapi? Yatoka katika mambo mawili: habari ile ilikuwa mali ya nani, nayo ilikwenda kufanya nini. Kijana yule alizuia damu isimwagike, na wale wauaji hawakuwa na haki ya kufichiwa uovu wao. Doegi alichukua wema uliofanyika ndani ya nyumba ya mwenyeji, akaugeuza kuwa upanga juu ya shingo ya mwenyeji yuleyule.

Lakini si kila mara mambo huwa wazi hivyo. Mara nyingi mtu husimama katikati ya Doegi na yule kijana, wala hajui mguu wake umeelekea wapi. Hayo yalimpata padri mmoja katika vita vikuu vya miaka 1914 mpaka 1918. Jina lake ni Charles de Foucauld.

Alizaliwa Strasbourg mwaka 1858, naye alikuwa afisa wa jeshi la Ufaransa kabla ya kumrudia Mungu. Katika ujana wake, miaka 1883 na 1884, aliizunguka nchi ya Moroko akivaa mavazi ya Myahudi ili asitambulikane, akaandika habari za njia na milima yake. Mwaka 1901 alipata upadri. Mwaka 1905 akaenda kukaa Tamanrasset, katika milima ya Hoggar, ndani kabisa ya jangwa la Sahara, katika nchi ambayo sasa ni Algeria. Mkubwa wa misioni za sehemu hizo alikuwa Monsinyori Guérin, wa shirika la Mapadri Weupe, lile lile lililoleta Injili kando ya Ziwa Tanganika.

Wenyeji wa Hoggar ni Watuareg, wafugaji wa ngamia, ambao waume wao hufunika uso kwa kitambaa. Wafaransa walikuwa wamewashinda vitani mwaka 1902, na chifu Moussa ag Amastan alikuwa amefanya amani nao. Padri Charles hakuvaa tena mavazi ya kujificha. Wote walijua kwamba yeye ni Mfaransa, na kwamba Laperrine, mkubwa wa askari wa jangwani, ni rafiki yake. Alijifunza lugha ya Watuareg kwa miaka mingi, akatunga kamusi kubwa iliyochapishwa baada ya kufa kwake. Mwanzoni mwa mwaka 1908 aliugua hata akakaribia kufa. Wakati huo palikuwa na ukame na njaa, na mbuzi walikuwa hawana maziwa. Watuareg walizunguka mbali wakikusanya maziwa kidogo kidogo, wakamnywesha, akapona.

Maziwa hayo ni deni kubwa. Wahenga wamesema: siri ya mtungi aijuaye kata. Padri Charles alikuwa kata katika mtungi wa watu hao.

Vita vilipoanza, jangwa nalo likatikisika. Upande wa mashariki, katika nchi ya Libya, watu wa udugu wa Kiislamu wa Sanusi walikuwa wakipigana na Waitalia walioingia huko mwaka 1911. Waturuki waliwasaidia, na vita vikavuka mpaka, vikawafikia Wafaransa. Mwezi wa Machi 1916 ngome ya Djanet ilitekwa. Vikosi vya wanyang'anyi vilizunguka jangwani. Katika siku hizo Padri Charles aliwaandikia maafisa barua nyingi: kikosi gani kimeonekana na wapi, chifu gani ni mwaminifu na nani asitasita, na yafaa kufanya nini. Akajenga pia ngome ndogo Tamanrasset, ili maskini wa kijiji wapate pa kukimbilia. Ndani yake zikawekwa bunduki na risasi za jeshi.

Je, alifanya vema? Yafaa kupima kwa haki, bila kupendelea.

Alipowaarifu maafisa kwamba wanyang'anyi wanakuja, alifanya kama kijana yule aliyemwokoa Paulo. Anayejua kwamba kijiji kitashambuliwa usiku naye akanyamaza, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alitunza siri. Siri ya muuaji si amana. Na alipojenga kuta za kuwakinga wanyonge, alitenda kama mchungaji.

Lakini maneno juu ya mioyo ya machifu ni jambo jingine. Mtu akaaye motoni pamoja na rafiki yake husema mengi: uchovu wake, hasira yake, shaka yake juu ya serikali. Husema kwa sababu amsadiki anayemsikiliza. Shaka si tendo, na hasira ya jioni si vita ya kesho. Neno la namna hiyo likiingia katika barua ya jeshi, halibaki tena neno la rafiki. Lawa hesabu ya adui na asiye adui. Mwenye kulisema hakulitoa kwa kazi hiyo. Hata kama mgeni hana hila, hata kama wote wajua rafiki zake ni nani, amelitumia neno la watu kuliko walivyomruhusu.

Tena nyumba ya sala iliyowekwa bunduki hupata sura mbili. Anayekuja kuomba dawa aiona nyumba ya rafiki. Anayekuja na vita aiona ngome ya adui. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1916, mtu aliyejulikana na padri, naye alikuwa amemsaidia, alibisha mlangoni akasema kwamba barua zimefika. Padri akafungua. Watu wenye silaha wakamkamata, wakamfunga mikono. Walipotokea askari wawili wa ngamia, kijana aliyewekwa kumlinda akashikwa na hofu, akampiga risasi, akafa. Chifu Moussa alihuzunika sana, akamwandikia dada yake padri barua ya rambirambi huko Ufaransa.

Tarehe 15 Mei 2022 Papa Fransisko alimtangaza Padri Charles kuwa mtakatifu. Mtu asishangae kwamba mtakatifu aulizwa maswali. Eklezya yamheshimu kwa upendo wake kwa Mungu na kwa watu walioachwa, na kwa sala yake isiyochoka. Haikusema kwamba kila shauri lake la vita lilikuwa sawa. Petro naye alikuwa mtakatifu, na Paulo alimpinga mbele ya watu kule Antiokia.

Basi Mkristu aulizwaye habari za jirani zake na mtu mwenye nguvu, awe askari, awe mkubwa yeyote, ajiulize kwanza mambo matatu. Neno hili nilipewa na nani, na alinipa kwa kazi gani? Nikilitoa, litazuia damu au litaimwaga? Je, naweza kulisema tena mbele ya uso wa yule aliyeniambia?

Swali la tatu ndilo jepesi kuliko yote, nalo hufichua mengi. Kijana yule aliweza kusimama mbele ya Paulo na kumwambia yote aliyoyasema kwa mkubwa wa askari. Doegi hakuweza kusimama mbele ya Ahimeleki ila kwa upanga. Na asiyeweza kulirudia neno mbele ya mwenyeji wake, ni heri alifunge kinywani mwake, hata kama ni la kweli.