Kunde Katika Udongo wa Chumvi

Chumvi haiingii shambani kwa siku moja. Kwenye nchi kavu, kama tambarare zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro, maji ya mfereji humwagwa, jua huyakausha, na chumvi iliyokuja nayo hubaki palepale. Pasipo mitaro ya kutoa maji ya ziada, maji ya chini ya ardhi hupanda mwaka baada ya mwaka, mpaka kiangazi kimoja uso wa shamba unaanza kuwa mweupe. Kwenye delta ya Mto Tana chumvi ina njia yake nyingine: mto ukipungukiwa, bahari hupanda. Wakulima wa kijiji cha Ozi, waliozoea kulima mpunga kwa maji baridi ya mto yanayoinuliwa na bamvua, wanalijua hilo kuliko mwandishi yeyote.

Harage ni miongoni mwa mazao yanayoumia mapema kabisa. Chumvi ya udongo hupimwa kwa desisimensi kwa mita (dS/m), na udongo ukifika 4 huhesabiwa kuwa wa chumvi. Harage huanza kupoteza mavuno kwenye 1 tu, kabla jicho halijaona lolote. Kunde huvumilia hadi karibu 5. Kuling'ang'aniza harage mahali ambapo kunde ingetoa mavuno ni kumtwisha mkulima hasara, hata kama bei ya harage sokoni inavutia.

Ng'oa mche wa kunde unapoanza kutoa maua, suuza mizizi taratibu, kisha pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi, bakteria waitwao rizobia wamo kazini: wanachukua naitrojeni ya hewani na kuugeuzia mmea chakula, nao wanalipwa sukari. Kukiwa kweupe au kijani, hakuna kazi inayofanyika. Kwenye chumvi vinundu huwa vichache, vidogo, na vingi havina rangi hiyo ya waridi.

Sababu yake ndiyo inayonigusa. Rizobia wengi huvumilia chumvi kuliko mmea wenyewe. Kinachovunjika kwanza ni kukutana kwao. Mzizi hutoa kemikali za kuwaita, na vinyweleo vyake hujikunja ili kuwapokea. Chumvi huharibu mwito na mapokezi pia. Mgeni yuko mlangoni, lakini hodi yake haiitikiwi. Kwa hiyo anayetaka kuisaidia kunde asiangalie mbegu peke yake. Autunze uhusiano mzima, tangu mche ukiwa mchanga, maana hapo ndipo unapokuwa dhaifu zaidi.

Utunzaji huo una mambo madogo yanayostahili subira. Maji ya mfereji yanapopanda ndani ya tuta, huiacha chumvi kileleni. Mbegu ipandwe ubavuni mwa tuta. Dawa ya rizobia ichanganywe na mbegu kivulini, kwa sababu jua huwaua bakteria, na inafaa zaidi iwe ya bakteria waliotoka kwenye ardhi yenye chumvi kama hiyo. Samadi hulegeza udongo. Pale penye udongo wa magadi, kalisi ya jasi huiondoa sodiamu iliyoshikamana na udongo, lakini jasi bila maji ya kuisukuma sodiamu hiyo chini na nje ni fedha iliyomwagwa.

Kwa upande wa mbegu, mwaka 2014 watafiti walitambua jeni ya soya, GmSALT3, inayosaidia kuizuia sodiamu isirundikane kwenye majani. Nimeufurahia ugunduzi huo kwa moyo wote. Ila ninaogopa jambo moja: mbegu ikijulikana kuwa na uvumilivu, wasimamizi wa maji nao watavumilia uharibifu. Mkulima atapewa mfuko wa mbegu mpya, na mtaro ulioziba utaendelea kuziba. Huko si kumsaidia, ni kumhamishia mzigo ambao hakuutengeneza.

Mzigo kama huo huwafikia pia watu wa delta kutoka mtoni juu. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981, na yapo mengine kwenye Mto Tana huo huo. Umeme wa mabwawa hayo tunautumia sote. Basi wanaopanga ratiba ya kufungulia maji wawahesabu pia walima mpunga na kunde walio mdomoni mwa mto, na wanaojenga skimu za umwagiliaji wachimbe mitaro ya kutolea maji kabla ya kukata utepe.