Dawa ya Kisukari na Mlango wa Dharura

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa maradhi na dawa zake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: wako wagonjwa wa kisukari ambao miili yao haifanyi insulini kabisa, na hao wasipodungwa hufa. Na miongoni mwao hupatikana mcha Mungu airudishaye sindano, kwa kuwa amesikia ya kwamba dawa hiyo yatokana na nguruwe. Huona kufa na mwili twahara ni bora kuliko kuishi na najisi. Nia yake ni njema, walakini yamfaa nani nia njema iliyojengwa juu ya habari iliyopitwa?

Mwaka 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, kijana aitwaye Leonard Thompson alidungwa maji yaliyotolewa katika kongosho la ng'ombe. Alikuwa ukingoni mwa mauti, akaishi hata mwaka 1935. Tangu hapo, kwa muda wa miaka sitini hivi, insulini ilitolewa katika ng'ombe na nguruwe. Insulini ya mwanadamu ni minyororo miwili yenye jumla ya pete 51. Ya ng'ombe yahitilafiana nayo kwa pete tatu, na ya nguruwe kwa pete moja tu.

Hata zama hizo hukumu haikufichika. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, nguruwe ni najisi nzito, wala hatwahariki kwa kugeuzwa. Lakini mgonjwa asiyepata dawa twahara ya kushika mahali pake, akaambiwa hivyo na tabibu mjuzi mwenye kuaminika, yajuzu kwake kujitibu kwa najisi. Mlango wa dharura ulikuwa wazi.

Kisha mwaka 1978 wajuzi wa Marekani waliunda, kwa ufundi wa kemia, maandishi ya urithi yanayoagiza insulini ya mtu, wakayatia ndani ya bakteria, naye akaifanya. Mwaka 1982 serikali ya huko ikaruhusu dawa hiyo iuzwe. Jambo hili liliwezekana kwa sababu chembe za muhindi, za bakteria, za mbuzi na za mwanadamu husoma hati moja yenye herufi nne. Na umoja wa hati ni dalili ya umoja wa Muumba kwa mwenye kuzingatia.

Atasema msemaji: hiki si kiungo cha mwanadamu, ambacho ni haramu kutumiwa kwa ajili ya heshima yake? Jawabu: hakuna nyama iliyokatwa, kilichoigwa ni maandishi tu. Atasema tena: si kubadili umbile la Mwenyezi Mungu, kama ilivyokemewa katika Sura ya Nisaa? Jawabu: kilichokemewa pale ni utii kwa Shetani, mfano wa kupasua masikio ya wanyama kwa ibada za upotofu. Kutibu nafsi si katika hayo. Wala aliyepanga herufi hakuziumba herufi, asijivune. Ama bakteria huyo, hulelewa katika chombo safi, na dawa hutengwa naye ikasafishwa. Na asili ya vitu ni twahara mpaka ithibitike najisi.

Basi hukumu imegeuka kwa pande mbili. Dharura hupimwa kwa kadiri yake: ipatikanapo iliyo twahara, mtu hana udhuru wa kuchagua ya nguruwe. Na mwenye kuikataa iliyo twahara, hana tena hoja ya ucha Mungu mkononi mwake. Nafsi ni amana, na watoto wake ni amana nyingine.

Linalompasa mgonjwa ni jepesi: amuulize tabibu asili ya dawa iliyomo chupani. Na linalompasa mwenye kutoa fatwa ni hilo hilo, kabla ya kutamka neno haramu. Kwani mgonjwa akifa kwa neno lililosemwa bila kuuliza, msemaji ataulizwa yeye.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.