Mtoto ni wa Nani?

Swali la kwamba mtoto ni wa nani hudhaniwa kuwa jepesi mpaka ndoa ivunjike. Wazazi wakaapo pamoja hakuna aulizaye. Wakiachana, swali huja na ukali wake wote, na kila mmoja hulijibu kwa ulimi wa haki yake. Yafaa tulipime kwa kuutazama mkoa mmoja tu, Ruvuma, maana huko majibu yake mawili hupatikana katika njia moja.

Mji wa Songea una jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wadachi mwaka 1906. Wangoni, ambao wahenga wao walitoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19, hufuata ukoo wa baba. Kwa mila hiyo mahari ikishatolewa mtoto huhesabiwa kuwa wa kuumeni. Mama akiondoka, mtoto hubaki. Lakini msafiri akishika njia ya mashariki, akaipita Namtumbo na kufika Tunduru, huwakuta Wayao, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya wapwa wake.

Basi maumbile hayakumkabidhi mtoto kwa baba wala kwa mama. Kama yangalimkabidhi, safari ya siku moja isingaligeuza hukumu. Kinachogeuka njiani ni hesabu ya ukoo, si haja ya mtoto. Mtoto wa Songea na mtoto wa Tunduru wote wawili huona njaa, huogopa giza, na huumia wapigwapo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliuweka ustawi wa mtoto mbele ya yote. Yamtaka hakimu ayaangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamaa zao. Tena yadhania kuwa mtoto aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, ila dhana hiyo yaweza kutanguliwa kwa ushahidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yashikilia msingi huohuo wa maslahi ya mtoto.

Mtu aweza kusema kwamba dhana hiyo ni upendeleo kwa wanawake. Ingekuwa upendeleo kama ingekuwa hukumu; lakini dhana ni mahali pa kuanzia kuuliza, si mahali pa kukomea. Dhuluma huingia pale mwamuzi aonapo uvivu wa kuuliza. Mama huambiwa hafai kwa kuwa hana kipato, hali baba aweza kuamriwa kutoa matunzo. Baba huambiwa malezi si kazi yake, hata kama ndiye aliyekesha na mgonjwa. Mama akisema nyumba ya pili ina hatari, hudhaniwa ana kinyongo. Baba akisema hivyo, huchekwa. Mkono upigao hauna jinsia, na anayelipa gharama ya dhana hizi ni yule asiyeitwa barazani.

Wala mila isidharauliwe. Ukoo humpa mtoto jina, ardhi, na watu wa kumzika wazee wake. Lakini kuwa wa ukoo ni jambo moja, na kukaa salama ni jambo jingine. Mtoto aweza kulibeba jina la babaye na kulala kwa mamaye. Aweza pia kuwa wa ukoo wa mama na kulelewa na baba.

Lugha yetu yenyewe yatufunza. Mwanafunzi husema, “mwalimu wangu,” wala hammiliki. Mgonjwa husema, “mganga wangu,” wala hakumnunua. Vivyo hivyo neno “mwanangu” ni ungamo la deni, si hati ya mali. Aliyeachana na mwenziwe hakuachiwa deni hilo. Kwa hiyo hakimu atendaye haki hataanza kwa kuuliza mtoto huyu ni wa nani, bali ni nani aliye wa mtoto huyu.