Kumpima Ndege ni Kuweka Ahadi

Tangu mwaka 1911, tanuru la kampuni ya Union Minière lilipoanza kuyeyusha shaba, Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, imeishi kwa moto. Bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ulio kando yake vimekuwa alama ya mji, na wenyeji huvionea fahari kwa haki kabisa: shaba hiyo imesomesha watoto na kujenga nyumba. Lakini moshi huohuo uliiua miti ya miombo upande unakoelekea upepo, na madini yake yangali kwenye udongo wa mitaa kama Penga Penga. Riziki na madhara vilipanda pamoja, na kwa miaka mingi tulihesabu riziki peke yake.

Wanasayansi wanaotaka kujua sumu ya viwanda imefika wapi, mara nyingine humwendea ndege wa mwituni. Unyoya unapoota hulishwa na damu, na madini yaliyomo katika damu hujifunga ndani yake. Ukishakomaa, mshipa huziba, na kilichoingia hubaki humo. Mtafiti huung'oa, akauosha vumbi la nje, akauyeyusha katika asidi, kisha akapima. Mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alilinganisha mayai ya kozi na vipanga ya zamani na ya wakati wake, akaona maganda yamekuwa membamba. Baadaye ikathibitika kwamba chanzo chake ni dawa ya wadudu ya DDT. Ndege wakawa wamewatangulia watu kuonja hatari, na nchi nyingi zikasikia.

Huku Katanga, mwili wa binadamu umekwisha kusema wenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walitoa matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu 351. Kwa walioishi karibu na migodi na viwanda, kiwango cha kobalti kilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa kuwahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Basi mzazi anayeishi jirani na kiwanda ana haki ya kuuliza: ikiwa mwanangu amekwisha kuwa ushahidi, mnamtafutia nini ndege?

Swali hilo lina uchungu, nalo halistahili kujibiwa kwa haraka. Hata hivyo, tazama bonde la mto Lufira. Maji machafu ya viwanda vya mji wa Likasi yameingia mto Panda, yakashuka hadi ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha mwaka 1930. Katika bonde hilo anaishi mnana ambaye hajulikani kuishi kwingine kokote duniani. Mtaalamu Jean-Claude Ruwet alimpata mwaka 1960, na mwaka 1982 ndege huyo akatambulishwa rasmi kwa jina la Ploceus ruweti. Mnana huyo hadai fidia, hapigi kura, wala hana mjomba ofisini. Je, tunamthamini kiumbe kwa sababu anatufaa tu, au tuna deni hata kwa asiyeweza kutudai? Na anayemdharau ndege kwa kuwa hana sauti, atamheshimu vipi mvuvi maskini anayekula samaki wa ziwa hilohilo?

Ndiyo maana kumpima ndege si kumpunguzia mtu haki yake. Maji ni yale yale, vumbi ni lile lile, na jibu la unyoya linawahusu wote wanaoishi chini ya bomba moja. Kinachovunja moyo ni kupima kisha kunyamaza. Anayechukua damu ya kiumbe, au mkojo wa mtoto, amechukua amana: majibu yake hayapaswi kuishia kwenye majarida ya mbali huku mama anayefua mtoni Kafubu akibaki gizani. Elimu isiyorudi kwa wenyewe haina tofauti kubwa na madini yanayosafirishwa bila kumwachia kitu mwenye ardhi.

Kwa hiyo tuwaombe watafiti wetu waendelee, na tuwaombe pia wasome matokeo yao kwa Kiswahili mbele ya watu wa Likasi na Lubumbashi. Wenye viwanda na wenye mamlaka nao wakae kwenye viti vya mbele, wasikilize, wajibu.