Mfupa, Mzigo na Wema kwa Wazazi

Kila shukrani ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanaadamu mifupa ya kumsimamisha na viungo vya kumwinamisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na kila aliyefuata njia yao. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, limenifikia mara nyingi suali hili kutoka kwa familia zetu zinazoishi Ghuba. Mzazi mzee anapotoka Unguja, Pemba au Mombasa akaja kuishi na wanawe, je, wema kwake ni kumwondolea kila kazi ya mkono na kila hatua ya mguu, hata asinyanyue kikombe? Wengi wanaouliza wana nia njema, na jawabu wanalo tayari: ndiyo, kwani mzee ameshachoka. Nami nilikuwa mmoja wao. Wanavyuoni wametufundisha kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu hicho. Basi kabla ya kutoa jawabu na tuutazame mfupa wenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu, kilichokwisha umbika na kuachwa, mfano wa nguzo ya zege. Sivyo. Mfupa ni hai, unapitiwa na damu na una hisia. Mtoto huzaliwa na vipande vya mifupa vinavyokaribia 300, na vingi katika hivyo huungana kadiri anavyokua, hata mtu mzima akawa na mifupa 206. Umbile lake limekaribia kufanana na nyumba zetu za mawe za zamani. Zimo nyuzi za protini zenye kunyumbulika, kama boriti za mikoko, na yamo madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyo magumu kama mawe na chokaa. Zikikosekana nyuzi, mfupa huvunjika kama kigae. Yakikosekana madini, hupinda.

Na ndani ya jengo hilo wamo mafundi ambao hawalali. Ziko chembe hai zinazobomoa palipochakaa, na ziko nyengine zinazojenga upya mahala hapo hapo. Kwa mwaka mmoja, takriban sehemu moja katika kumi ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya. Katika ujana wajenzi huwashinda wabomoaji. Baada ya umri wa miaka thalathini na kitu mizani huanza kuinama taratibu upande wa pili, na kwa wanawake huinama kwa haraka zaidi baada ya kukatika damu ya mwezi.

Sasa, ni nani anayewaambia mafundi hawa wajenge wapi? Ni mzigo. Tabibu wa Kijerumani, Julius Wolff, aliandika kitabu mwaka 1892 akieleza kwamba mfupa hujipanga kwa kufuata uzito unaoubeba. Mchezaji wa tenisi huwa na mfupa mnene zaidi katika mkono anaopigia mpira kuliko ule mwengine. Na wanaanga, watu wenye nguvu na siha, wakikaa angani ambako mwili hauhisi uzito, hupoteza kiasi cha asilimia moja au zaidi kidogo ya madini ya mifupa ya nyonga kila mwezi wasipofanya mazoezi ya kutosha. Hawakuugua wala hawakuzeeka. Wameondolewa mzigo tu.

Viungo navyo vina siri yao. Chukua goti, ambalo ndilo kiungo kikubwa kuliko vyote. Ncha za mifupa yake zimefunikwa na gegedu, kitu laini na cheupe, ili mfupa usisagane na mfupa. Gegedu hili halina mishipa ya damu ya kuliletea chakula. Hula kutokana na ute uliomo ndani ya kiungo: mtu akikanyaga, gegedu hubanwa, akiinua mguu, huachiwa likafyonza, kama sifongo katika maji. Kiungo kisichotembezwa, basi, ni kiungo kilichopunguziwa riziki yake.

Nitaeleza sasa lililonifika mwenyewe, si kwa kujisifu bali kwa kukiri. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuja kukaa nasi Maskati mwaka 1994. Kwao Unguja alikuwa akiamka alfajiri, akifagia uani, akikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akitoka kwa miguu kwenda kuwajulia hali majirani. Kwetu alikuta khadama, kiyoyozi, na gari mlangoni. Kila aliponyanyuka tulimwambia, "Kaa mama, umeshachoka." Tukamletea chakula kitandani na maji ya udhu kwenye beseni. Jua lilikuwa nje na yeye ndani, nyuma ya mapazia. Haukupita mwaka akawa hawezi kuinuka mkekani ila kwa kushikwa. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, nimekukoseeni nini hata mkaninyang'anya kazi zangu zote?" Nilicheka, nikadhani ni maneno ya mapenzi.

Usiku mmoja alitaka kwenda kutawadha mwenyewe, akateleza, ukavunjika mfupa wa paja pale kwenye nyonga. Daktari alinieleza kwamba sababu za udhaifu wa mfupa ni nyingi: umri, kukosa jua, na kukaa. Umri ulitoka kwa Mola wake. Hayo mawili mengine yalitoka kwangu. Nilisikiliza mashauri ya haki za wazazi kwa miaka mingi, na shauri la mama yangu sikulisikia mpaka lilipokwisha kuvunjika.

Hapo ndipo nilipoirejea hadithi ambayo nilikuwa nikiisoma tangu utotoni: kwamba kila kiungo cha mwanaadamu kina sadaka inayompasa kila siku linapochomoza jua. Katika sadaka hizo Mtume (S.A.W.) ametaja kuwahukumu wawili kwa uadilifu, kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumnyanyulia mizigo yake, neno jema, kila hatua ya kwendea Sala, na kuondosha njiani kinachoudhi. Zingatia, ewe msomaji: nyingi katika hizo ni kunyanyua, kutembea na kuinama. Shukrani ya kiungo imewekwa katika kazi ya kiungo. Basi anayemzuilia mzazi wake kila harakati, ingawa nia yake ni njema, anamfungia milango ya sadaka aliyokuwa akiitoa kila siku.

Huenda akasema msemaji: Je, Qur'ani haikutuamrisha kuwainamishia wazazi bawa la unyenyekevu? Jawabu: naam, imetuamrisha, lakini kumnyenyekea mzazi ni jambo moja na kumfanya asiweze ni jambo jengine. Unyenyekevu ni kuwa karibu naye anapoinuka, wala si kumkataza kuinuka. Tazama mpango wa sheria katika Sala ya mgonjwa: husali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa kulala ubavu. Sheria imeanza na kusimama, ikashuka daraja kwa daraja kwa kadiri ya uwezo. Hukumu inafuata uwezo, haifuati hesabu ya miaka. Wala Mola hakumkalifisha mtu zaidi ya awezavyo. Lakini hakumwachia pia bila ya kalifa yoyote, kwani katika kukalifishwa mna heshima.

Wala sisemi kwamba kila mzigo ni rehema. Mzigo uliopita kiasi huvunja, na goti lililoumia lina haki ya kupumzishwa. Mwenye maradhi na afuate kauli ya tabibu wake, na mwenye kudhoofika kweli kweli atumikiwe kwa moyo mkunjufu, kwani hiyo ni zamu yetu ya kulipa. Nasaha yangu ni kwa yule mzee ambaye bado anaweza. Mwachie akune nazi, akunje nguo, amwagilie mti. Tembea naye baada ya Alasiri, mwendo wake, si mwendo wako. Mtengee nafasi uani, penye stara, apate jua la asubuhi, kwani ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua, nayo ndiyo inayousaidia mwili kupokea kalsiamu. Na ukosefu wake ni mwingi katika nchi hizi za Ghuba, pamoja na wingi wa jua lake. Taa ya njia ya msalani iwake usiku kucha, na zulia linaloteleza liondoshwe. Na akikwambia, "Niache nifanye mwenyewe," mwache, ukae karibu naye.

Mama aliishi miaka miwili baada ya hapo, akitembea kwa kujishikiza. Kila asubuhi nilimpa mchele auchambue, akiwa ameketi mlangoni penye jua, naye akifurahi kwamba wali wa mchana umepita mikononi mwake. Alinisamehe kwa ulimi wake. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa rehema Yake, awarehemu wazazi wetu wote, na atujaalie viungo vinavyomshukuru mpaka siku vitakapotuaga. Amin.