Lalamiko Lisilotaka Kwisha

Neno lalamiko limezaliwa na lalama. Kulalama, kwa maana yake ya zamani, ni kupiga ukelele wa kuomba rehema: aliyebanwa katika mieleka hulalama, na aliyembana akisikia humwachia. Katika maana hiyo mna watu wawili, anayeumia na anayeweza kuyaondoa maumivu. Tena mna mwisho, kwa kuwa aliyeachiwa hunyamaza. Lalamiko la siku zetu aghalabu limepoteza vyote viwili. Halijui linasemwa kwa nani, wala halitazamii mwisho.

Hapa Igoma, mashariki ya mji wa Mwanza katika njia iendayo Musoma, si taabu kulisikia. Benchi la muuza kahawa latosha. Mitaro huziba mvua inyeshapo, nauli hupanda, daladala hushindiliwa watu kama magunia, vijana hawaamkii wakubwa. Kila neno ni kweli, au ni jirani wa kweli. Watu huyataja, huitikiana, humaliza vikombe vyao na kuondoka. Kesho hurudi kuyataja yale yale kwa mpango ule ule.

Sisemi haya kwa kujitenga nao. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka kadhaa lalamiko langu lilikuwa kwamba wanafunzi wafikao chuo kikuu hawajui kuandika insha. Nililisema katika chumba cha walimu kila muhula, na wenzangu waliitikia. Siku moja mwenzetu kijana alileta shauri: kila mwalimu achukue wanafunzi kumi, asome kazi zao kila juma, na kuzisahihisha pamoja nao. Ilinipasa kufurahi. Badala yake nilikasirika, nikatoa sababu sita za kuonyesha kwamba jambo hilo haliwezekani. Nilipofika nyumbani nilijiuliza nimekasirikia nini. Jibu lilinitia haya: kijana yule alitaka kuninyang'anya lalamiko langu.

Basi lalamiko ni mali, na mtu hulinda mali yake. Faida yake ya kwanza ni heshima isiyo na gharama. Asemaye kwamba wanafunzi hawajui kuandika amekwisha kusema, pasipo kujisifu, kwamba yeye anajua. Faida ya pili ni urafiki. Mwaka 2002 Amanda Rose, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha uchunguzi juu ya watoto na vijana wanaozungumza matatizo yao na marafiki zao mara kwa mara, wakiyarudia na kuyachambua bila kukoma. Aliona kwamba mazungumzo ya namna hiyo hufuatana na urafiki wa karibu zaidi, na hufuatana pia na huzuni na wasiwasi. Kamba ituungayo yaweza kuwa ndiyo itukabayo. Faida ya tatu ni msamaha. Jambo likiwa kubwa kama nchi nzima, nani atamlaumu mtu mmoja kwa kutolitenda?

Walakini hatuwezi kumhukumu kila mlalamikaji kwa faida hizo. Yupo anayelalamika kwa sababu hajapata kuona tendo lake likibadili kitu. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walieleza habari za mbwa waliopigwa na umeme wasioweza kuuzuia. Baadaye wengi wao hawakujaribu kuukimbia hata njia ilipokuwa wazi. Ikasemwa kwamba wamejifunza unyonge. Mwaka 2016 wataalamu hao wawili waliigeuza hoja yao: mbele ya mateso ya kudumu unyonge ndio hali ya kuanzia, na kinachojifunzwa ni kinyume chake, yaani kutambua kwamba ninalolitenda lina matokeo. Ikiwa ni hivyo, mlalamikaji wa namna hii haponywi kwa kukemewa. Anahitaji kuonja ushindi, hata uwe mdogo.

Usukuma ina ushahidi wa jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa pamba walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi huwapunja. Lalamiko hilo lingeweza kubaki gumzo la vilabuni mpaka leo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba ili kuhakikisha uzito. Paul Bomani na wenzake wakawaunganisha katika vyama, na mwaka 1955 vyama hivyo vikawa na shirikisho lao mjini Mwanza, Victoria Federation of Co-operative Unions. Angalia udogo wa hatua ya kwanza. Hawakuanza na shirikisho. Walianza na mtu mmoja kusimama kando ya mizani. Lalamiko lilikuwa limepata mahali pa kusimama.

Hadithi hiyo haikuishia katika raha. Katika miaka ya 1960 wakulima walianza kuunung'unikia ushirika wenyewe. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuuchunguza ushirika nchini, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Dawa haikuiondoa haja ya kulalamika, ilimbadili anayelalamikiwa.

Hapa yanipasa kukutana na hoja ya wakubwa wa kazi, wapendao kusema: usiniletee lalamiko pasipo ufumbuzi. Maneno haya yana sura ya hekima, lakini nayaogopa. Igoma ina makaburi ya watu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa na watu wengi kupita kiasi chake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kuchukua watu 101. Kilikuwa na zaidi ya 260, na waliokufa walipita 220. Abiria aliyeingia katika chombo kama hicho akasema, "Tumezidi," alikuwa na ufumbuzi gani? Hakuwa fundi wa meli wala mwenye fedha za kununua nyingine. Alikuwa na macho tu. Kumwambia anyamaze mpaka ajue kuunda meli ni kumwambia azame kwa adabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayemziba mdomo mgonjwa ana sehemu yake katika kifo hicho.

Kwa hiyo kosa halimo katika kukosa ufumbuzi. Abiria yule hana dawa, lakini lalamiko lake lina anayeambiwa, nahodha, na lina mwisho anaoutamani, watu wapunguzwe. Lalamiko langu la chumba cha walimu lilikosa yote mawili, ingawa ufumbuzi ulikuwa mezani. Tofauti yetu haikuwa elimu wala uwezo. Yeye alitaka lalamiko lake life. Mimi nilitaka langu liishi.

Kipimo basi ni swali ambalo kila mtu aweza kujiuliza faraghani: jambo hili likiondolewa kesho, nitafurahi, au nitakuwa nimekosa kitu? Atakayejibu kwamba atafurahi, na aseme kwa sauti, hata kama hajui dawa, bali amtafute wa kumwambia. Atakayeona kwamba atakosa kitu, na akitafute kitu hicho kwa jina lake: heshima, marafiki, au udhuru.

Nilichukua wanafunzi wangu kumi, nikiwa nimechelewa muhula mmoja. Wawili waliacha. Wanane wanaandika vizuri kidogo kuliko walivyoandika. Katika chumba cha walimu sina tena la kusema juu ya insha zao, na nakiri kwamba siku nyingine nautamani ule mwitikio wa wenzangu.