Mbwa Mdogo wa Nyumbani na Mipaka ya Hiari ya Binadamu

Familia inayoamua kufuga mbwa mdogo katika mtaa wa Nyakabiga, mjini Bujumbura, ambako nyumba zimesongamana na ua mmoja mara nyingi hutumiwa na kaya kadhaa, kwa kawaida hujiuliza maswali mawili: mbwa huyo atagharimu kiasi gani, na je, atapatana na watoto? Swali la tatu, ambalo ndilo la kidini na la kifalsafa, huulizwa kwa nadra, nalo ni hili: je, binadamu ana haki ya kuufinyanga mwili wa kiumbe mwingine ili kuyafurahisha macho yake, na yule anayeununua mwili uliokwisha kuharibiwa ana sehemu gani katika uharibifu huo? Haliepukiki, kwa kuwa ni vigumu kumtaja mnyama wa kufugwa ambaye umbo lake limechezewa kuliko la mbwa.

Wafugaji huita mbegu ule ukoo wa mbwa waliopandishwa wao kwa wao kwa vizazi vingi hadi wakafanana umbo na tabia. Kuchagua mbwa wa kupandisha ni kazi ya kale, lakini kuwachagua kwa ajili ya sura, na kuiandika sura hiyo daftarini kana kwamba ni sheria, ni desturi iliyoshika mizizi Uingereza katika karne ya 19, ambako chama kiitwacho Kennel Club kilianzishwa London mwaka 1873. Tangu hapo uso wa pagi, mbwa mdogo mwenye asili ya Uchina, umezidi kubanwa hadi pua yake imekaribia kulingana na macho, ilhali ulimi na nyama laini za kaakaa hazikupungua kwa kiasi hicho. Zote hujazana katika njia nyembamba ya hewa, na mnyama hukoroma hata akiwa macho. Hali ni hiyo hiyo kwa buldogi wa Kifaransa, ambaye mwaka 2022 aliongoza orodha ya mbwa waliosajiliwa kwa wingi nchini Marekani, na ambaye katika uchunguzi mmoja uliofanywa Uingereza zaidi ya asilimia 80 ya uzao wake ulipatikana kwa kumpasua mama tumbo.

Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama mtu; hutweta, yaani huvuta na kutoa hewa upesi huku ulimi ukining'inia, ili unyevu wa kinywa na pua uondoe joto. Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 800, na joto la mchana hukaribia nyuzi 30 kwa siku nyingi za mwaka, kwa hiyo kasoro ya pumzi inayovumilika katika nchi ya baridi huweza kumuua mbwa wa Nyakabiga kwa mchezo wa alasiri moja tu. Ndiyo maana mashirika mengi ya ndege hukataa kuwabeba mbwa wa pua bapa katika sehemu ya mizigo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hapa ndipo falsafa inapoleta fumbo. Derek Parfit, mwanafalsafa Mwingereza, alionyesha katika kitabu alichokichapisha mwaka 1984 kwamba ni vigumu kusema kiumbe amedhulumiwa na tendo ambalo bila hilo asingezaliwa kabisa. Alizungumzia vizazi vya binadamu, lakini hoja yake humwenea mbwa barabara: pagi huyu anayekoroma hakuweza kuzaliwa akiwa na pua ndefu, kwa sababu kama wangepandishwa wazazi wengine angezaliwa mbwa mwingine, si yeye, na ikiwa maisha yake, pamoja na tabu zake, yana furaha ya chakula na ya kuchezewa na watoto, basi amlalamikie nani? Wauzaji wa mbwa, ambao labda hawajapata kulisikia jina la Parfit, huitumia hoja hiyo kila wanapojitetea kwamba mbwa wao wanapendwa.

Udhaifu wa hoja hiyo ni kudhani kwamba kosa lazima liwe na mlalamikaji. Mnunuzi hamdhulumu mbwa aliye mikononi mwake, na pengine humwokoa, lakini fedha anayolipa ndiyo agizo la uzao ujao, na mwenye kuagiza kiumbe anayejulikana kuwa ataumwa, hali aliye mzima anapatikana, amekosea hata kama hakuna mbwa wa kumshitaki. Mwelekeo kama huo ulionekana Norwe mwaka 2023, Mahakama ya Juu ilipothibitisha kwamba upandishaji wa mbwa wa mbegu ya kavalia ulioshitakiwa mbele yake ulivunja sheria ya kulinda wanyama. Mbegu hiyo imelemewa na maradhi ya valvu za moyo na ya fuvu lisilotosha ubongo.

Buyenzi, kitongoji cha Bujumbura ambamo Kiswahili na Uislamu vimestawi kwa muda mrefu, huanzia swali hili nyuma zaidi, kwenye kufuga mbwa kwenyewe. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi nzito, yaani uchafu wa kisheria ambao chombo kilichopatwa nao huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, ingawa Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, alimhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara. Hadithi mashuhuri zinaeleza kwamba mwenye kufuga mbwa asiye wa mawindo, wa mifugo wala wa shamba hupungukiwa thawabu kila siku. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliona kwa kiyasi, yaani kwa kulipima jambo lisilotajwa kwa lile lililokwisha kuhukumiwa, kwamba ulinzi wa nyumba nao unaruhusiwa. Jambo moja linalofuata kutoka hapo halisemwi sana: Mwislamu anayeishika kanuni hii hamchagui mbwa kwa sura bali kwa kazi, na kazi yenyewe hudai afya, kwa maana mbwa anayeishiwa pumzi kabla ya kulifikia lango hawindi wala halindi. Sheria inayodhaniwa kuwa kali dhidi ya mbwa ingemkinga na balaa lililompata katika maonyesho ya mbwa ya Ulaya. Wala haikosi huruma, kwani hadithi ya mwanamke kahaba aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu imo katika mikusanyo ya hadithi ya Bukhari na Muslim.

Wapo wanaoliona katazo la wazi zaidi katika Surat An-Nisaa, aya ya 119, ambamo Shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Dalili hiyo haina nguvu inayodhaniwa, kwa sababu mfasiri mkubwa Tabari, baada ya kunukuu kauli mbalimbali, aliegemea kwamba maumbile yanayotajwa ni dini yenyewe. Tena, kama kila uteuzi wa umbo ungekuwa dhambi, ng'ombe wa pembe ndefu ambao ni fahari ya Burundi, Rwanda na Ankole wangekuwa haramu wote, maana pembe zile hazikurefuka bila mkono wa wafugaji waliozipenda. Tofauti ni kwamba ng'ombe huyo hutembea, huzaa na kupumua bila msaada wa mtu. Kupenda uzuri, basi, si kosa; kosa ni kumlipisha mnyama gharama ya uzuri huo.

Kwa Wakatoliki, walio wengi nchini Burundi, Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 inafundisha katika kifungu cha 2418 mambo matatu yanayostahili kusomwa pamoja: ni kinyume cha heshima ya binadamu kuwatesa wanyama bila sababu, haifai kuwatumilia fedha ambayo kwanza ingeondoa dhiki ya watu, na inaruhusiwa kuwapenda, ila si kwa pendo linalowastahili watu peke yao. Katika nchi iliyo miongoni mwa maskini kabisa duniani, sehemu ya pili huwa nzito, nayo huikuta sehemu ya kwanza mahali pasipotarajiwa, kwani mbwa aliyezaliwa na kasoro ndiye anayekula fedha ya dawa na ya upasuaji. Papa Fransisko, aliyewalaumu Januari 2022 wanandoa wanaoweka mbwa na paka mahali pa watoto, ndiye pia aliyeandika mwaka 2015, katika waraka wa Laudato Si', dhidi ya binadamu kujifanya mtawala asiye na mipaka juu ya viumbe.

Isidhaniwe kwamba dawa ni kutafuta tu mbegu yenye asili ya Afrika. Basenji, mbwa mdogo wa mawindo mwenye uzito wa kilo kumi hivi, asiyebweka kama wenzake, alitolewa Kongo na kupelekwa Uingereza katika miaka ya 1930, na kwa kuwa waliosajiliwa walitokana na mbwa wachache, waliopandishwa ndugu kwa ndugu, ukazuka ugonjwa wa kurithi wa figo unaoacha sukari na madini yapotee katika mkojo. Wafugaji wa Marekani walilazimika kusafiri hadi kaskazini-mashariki mwa Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, mwaka 1987 na 1988, kutafuta damu mpya kwa mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 daftari la mbegu likafunguliwa kuwapokea. Mbwa ambao hakuna daftari lililowatambua ndio waliokwenda kuokoa mbegu iliyosajiliwa.

Kwa hiyo udogo wenyewe hauna hatia, na mwenye kuchagua anaweza kuipima afya kwa macho. Humtazama mbwa puani, kama matundu yako wazi au yamekuwa mistari miwili. Humwacha akimbie uani kisha husikiliza kama pumzi hutulia baada ya muda mfupi. Huangalia kama anapokimbia hukunja mguu mmoja wa nyuma kwa hatua chache na kuushusha tena, ishara ya kifuniko cha goti kinachoteguka, ugonjwa unaowasumbua mbwa wengi wadogo, wakiwamo chiwawa. Na hudai kumwona mama yake, ambaye hali yake husema mengi kuliko cheti. Muuzaji anayekataa kumwonyesha mama amekwisha kujibu.

Familia ya Nyakabiga inayomchukua mbwa mdogo wa kienyeji, mwenye pua ndefu na mama anayejulikana, ikamchanja dhidi ya kichaa cha mbwa afikishapo miezi mitatu na kila inapopasa baadaye, imetimiza wajibu wake kwa mbwa na kwa majirani kuliko inayolipa fedha nyingi kuletewa pagi. Na familia ya Kishafii inayomfuga kwa ajili ya ulinzi, ikamwekea kibanda na bakuli lake uani, haina haja ya kujitetea.